Ziko kwa Fundi

4 Machi

Mdogo wangu,

Salamu zangu zikufikie wewe, wifi yangu na hao wanangu wawili ambao sura zao nazijua kwa picha tu. Huku hatujambo kwa kiwango chetu. Magoti ya Mama yanamsumbua asubuhi, yakishapata jua yanatulia. Bati la jikoni linavuja palepale lilipokuwa likivuja ulipoondoka, kwa hiyo siku ukija hutapotea njia. Mimi bado niko kwenye lile jumba la dobi, napiga pasi mashuka ya hoteli. Mvuke umenipa uso laini kama wa bibi harusi na viganja vya mpasua mawe.

Nakuandikia kwa sababu ukipigiwa simu unasema, "Dada, niko kwenye kelele, nitakupigia baadaye," na kelele zako hazina mwisho. Karatasi haina kelele, utaisoma ukiwa na nafasi.

Jambo lenyewe ni masikio ya Mama. Nimempeleka kwa daktari, akampima, akanieleza kwamba masikio yakizeeka yanaanza kupoteza sauti nyembamba, na zile nzito ndizo zinazobaki mwisho. Nikaelewa kwa nini nikimwita hageuki, lakini lori likipita barabarani anauliza nani huyo amekuja. Sauti yangu unaijua. Tangu utotoni mlinicheka kwamba nilimeza filimbi. Sasa Mama ananitazama midomo inacheza, ananipa tabasamu la kumridhisha mgeni, basi.

Juzijuzi aliniomba nimwekee ile kanda ya bendi ya Baba. Nikaiweka kwenye redio yake. Akasikiliza upande mzima amekaza uso, kisha akauliza, "Na mume wangu yuko wapi humu?" Tangu uondoke na zile spika kubwa za Baba tunatumia hivi vispika viwili vya dukani, na hivi gita la besi havilijui kabisa. Mwimbaji yumo, tarumbeta zimo, Baba hayumo. Maisha yake yote watu walikuwa wakimuuliza, "Kwani wewe kwenye bendi unapiga nini?" Leo na mkewe anauliza.

Karibu na kazini kuna duka linauza sabufa za bei nafuu, boksi jeusi la kuweka chini, lina kazi ya besi peke yake. Nakuuliza wewe mwenye ujuzi. Itafaa? Na inaungwaje kwenye amplifaya ya zamani kama ile ya Baba? Nataka Mama amsikie kabla hata sauti nzito hazijaondoka. Daktari hakusema lini, alisema tu zitaondoka.

Wageni wakiulizia zile spika kubwa, Mama anawaambia ziko kwa fundi. Wanacheka, kwa kuwa kila mtu ana kitu chake kwa fundi.

Ni mimi dada yako.


2 Aprili

Dada,

Shikamoo. Barua yako ilinikuta nikiwa nimetingwa, huu ni msimu wa harusi na watu wanaoana kana kwamba kesho itapigwa marufuku. Wifi yako hajambo, anakusalimu. Watoto wanakua, mkubwa ameanza kunipinga maneno, nasikia ndiyo dalili ya akili.

Pole kwa Mama. Ongea naye karibu na sikio la kulia, nakumbuka ndilo zuri. Usimpigie kelele, kelele zinamchosha mzee.

Kuhusu hiyo sabufa, dada, usinunue. Nakwambia kama mtu anayekula kwa kazi hii ya kukodisha muziki wa harusi. Hayo maboksi ya bei ya chee ni mbao za maganda na spika nyepesi ndani, hayapigi besi, yanakohoa. Utasikia "buu, buu" moja kwa wimbo wote, utadhani jirani anatwanga. Besi ya kweli inataka boksi kubwa, zito, lenye kupumua. Subiri kidogo, mambo yangu yakikaa sawa nitaangalia la kufanya.

Ila nakujua. Ukishaamua umeamua, hata Baba alikuwa akikuogopa. Basi kama utanunua, amplifaya ya Baba haina tundu la sabufa. Tafuta yenye vibanio vya waya kwa nyuma, siyo ya pini tu. Waya zitoke kwenye matundu ya spika ya amplifaya, ziingie kwenye sabufa. Tumia waya za zamani za Baba, ziko nyuma ya kabati, upande wa amplifaya bado zimefungwa kama alivyoziacha, ni nene na nzuri kuliko za siku hizi. Zina rangi moja, lakini kila jozi mmoja una fundo. Wenye fundo ni chanya, usio na fundo ni hasi. Chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Ukichanganya utaharibu starehe.

Mwambie Mama namkumbuka. Nitakuja mambo yakitulia.

Mdogo wako.


20 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba, na asante kwa kunijibu. Pasi yangu ya zamani imekufa, nimepewa mpya inayopiga kengele kila nikiiacha dakika moja, kama mkwe mkorofi. Jirani yetu, yule mwalimu mstaafu wa mlango wa pili, anaendelea kuja kila alasiri kunywa chai na Mama. Ana sauti ya darasani, kwa hiyo wanaelewana vizuri kuliko mimi na yeye.

Nimenunua. Utaninunia, najua, lakini neno "subiri" nilikuwa nimelisikia mara nyingi.

Boksi nililiweka pembeni kwenye kona ya sebule, pale spika ya kushoto ilipokuwa. Alama za miguu yake bado ziko sakafuni, mashimo manne madogo, na fagio hujikwaa humo kila siku. Waya nimezikuta nyuma ya kabati kama ulivyosema. Ulibeba maboksi ya spika, waya ukaziacha, ahsante kwa hilo. Nikafuata maneno yako yote. Wenye fundo kwenye chanya, usio na fundo kwenye hasi.

Sasa nisikilize. Nikiwasha sabufa, besi inapungua. Naongeza kitufe, inazidi kupungua. Nikiizima kabisa, vile vispika vidogo angalau vinanong'ona kitu. Mama alikaa mbele yake, mkono umeshika shavu, akasubiri. Kanda ikaisha. Akaniambia, "Umejitahidi, mwanangu." Afadhali angenitukana.

Kwa hiyo niambie nimekosea wapi. Au njoo uitengeneze mwenyewe, na hili nalisema sana. Kwani unajua una sauti ya nani. Siku ya mazishi ya Baba ulipokuwa ukiwashukuru watu, Mama aliinua kichwa kama ameitwa. Sauti yako bado anaweza kuisikia. Simu haifai, simu inapitisha sauti nyembamba tu, akiiweka sikioni anasema kuna mbu. Ni mtu mwenyewe anayetakiwa, akae naye kwenye kiti, aseme chochote, hata asimulie habari za harusi za watu. Mimi namtunza, namwogesha, nampikia, na hanisikii. Wewe ungemwambia "Mama, shikamoo" akasikia. Najizuia nisione wivu, siwezi.

Na zile spika, karatasi zake za ndani zinazotoa sauti, ulizosema zimechanika, zimeshabadilishwa? Nauliza mara moja tu.

Dada yako.


11 Juni

Dada,

Shikamoo, na samahani kwa kuchelewa. Barua yako ilikaa mfukoni mwa koti la kazi, likafuliwa nayo, nikaisoma kwa kuotea mistari mingine. Wifi yako anasema hana hatia, mfuko haukumwambia kitu. Bati la jikoni litazamwe kabla ya mvua, lakini usimwite fundi wa kuokota barabarani.

Nimeumiza kichwa juu ya tatizo lako, kisha nikajicheka hadi vijana wangu wa kazi wakaniuliza nimepata habari gani. Dada, kosa ni langu. Duniani kote fundi akiweka alama anaiweka kwenye chanya. Baba peke yake ndiye aliyekuwa akifunga fundo kwenye hasi. Unakumbuka? Alikuwa akisema, "Mwenye fundo siku zote yuko upande wa hasi." Halafu anamtazama Mama, kama Mama amenuna. Miaka mingi nimebeba waya za watu wengine mpaka nikasahau za kwetu.

Kwa hiyo umeunga kinyume. Vispika vidogo vinasukuma upepo mbele, sabufa inauvuta nyuma, na kila mmoja anamla mwenzake. Ndiyo maana ukiiongezea nguvu unasikia kidogo zaidi. Geuza waya tu, wenye fundo uende hasi. Kitufe cha sauti kiweke chini ya nusu, lile boksi lisikohoe. Na lisogeze karibu na ukuta, ukuta utalisaidia.

Spika zipo, usiwe na wasiwasi. Karatasi za aina ile zinaagizwa mbali, na anayeagiza ana maneno mengi. Zikija nitazitia.

Nimekuwekea picha humu ndani. Tulipewa ukumbi mkubwa, harusi ya watu wazito, na mpiga picha akanipiga nikiwa kazini. Mwonyeshe Mama ajue mwanawe halali njaa.

Mdogo wako.


30 Juni

Mdogo wangu,

Salamu kwenu wote. Huku mvua imekuja kabla ya fundi wa bati, tumeweka sufuria.

Niligeuza waya siku ileile barua ilipofika. Ilikuwa alasiri, mwalimu yupo na chai yake. Nikaweka kanda, nikakaa chini sakafuni kama mtu anayesubiri kufokewa. Wimbo wa kwanza ulipoanza kikombe cha mwalimu kikatikisika juu ya kisahani. Mama akanyanyuka mwenyewe, bila fimbo, akaja akaweka kiganja juu ya boksi. Akakaa hivyo. Kisha akasema, "Kachelewa. Siku zote anachelewa kidogo, makusudi, ngoma imsubiri." Akacheka, na mimi nikalia, na mwalimu akajifanya anatafuta sukari. Boksi lako la kukohoa lilikohoa kidogo mwisho wa upande wa kwanza, lakini Baba alikuwemo. Kwa hilo nakushukuru kutoka moyoni, na ningependa barua hii iishie hapa.

Haiishii. Mama akaomba picha uliyotuma. Akaichukua mpaka mlangoni kwenye mwanga, akaishika karibu na pua. Nilidhani anakutazama wewe. Akaniambia, "Pazia langu hilo."

Mdogo wangu, ulisimama mbele yake ukatabasamu. Nyuma yako kulia na kushoto, spika mbili za Baba, na kwenye nyuso zake kitambaa kilekile cha kijani chenye majani meupe. Umesahau kilitoka wapi? Mama alikikata kwenye pazia la chumbani kwake, kwa sababu Baba alisema vitambaa vya dukani vinaziba besi. Dirisha lile likabaki na pazia la kuishia katikati, na mpaka leo liko hivyo, jua la asubuhi linamwamsha. Kila mtu mwingine angeona spika tu. Wewe uliituma picha hiyo kwa mtu mmoja duniani mwenye nusu nyingine ya kitambaa.

Unajua aliuliza nini? Aliuliza, "Zinapiga?" Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo, zinapiga. Akasema, "Basi." Picha ameisimamisha juu ya sabufa, na sauti ikipanda inaanguka, anaiinua. Kesho yake mwalimu alipouliza tena habari za spika, Mama akamwambia bila kupepesa jicho kwamba ziko kwa fundi. Wala hakusema uongo, fundi si wewe?

Mimi si Mama. Mimi nina hasira ambayo siku hizi naipigia pasi. Ulituambia karatasi zimechanika. Ulituambia unazipeleka kutengenezwa. Ukamwacha mama yako na vispika vya dukani wakati besi ya mumewe inachezesha watu ambao hata hawamjui. Baba alisema mwenye fundo yuko upande wa hasi. Sawa, niweke huko, mimi ndiye mwenye fundo.

Lakini spika kaa nazo. Sizidai. Ninayetaka aje ni wewe, na uje upesi. Wiki hii lori la takataka lilipita na hakugeuka.

Dada yako.


3 Septemba

Dada,

Shikamoo. Natumaini hamjambo. Sisi tuko hivyohivyo.

Nimesoma barua yako mara nyingi na kila mara nimeiweka. Umeniandika kama mwizi. Basi na mimi niseme. Baba alipokuwa akienda kupiga, nani alibeba yale maboksi? Wewe ulikuwa unalala. Mimi nilikuwa nabeba upande mmoja, yeye upande mwingine, ngazi juu, ngazi chini, na hakuna siku aliyoniambia, "Leo shika gita, jaribu." Alinifundisha kubeba. Nimekuwa mbebaji hodari, ndiyo kazi niliyo nayo mpaka leo. Alipofariki wewe ulibaki na nyumba, na Mama, na jina zuri mtaani. Mimi nilichukua maboksi mawili yaliyojua mikono yangu. Vyombo vya kazi havikai sebuleni kuwekewa maua juu.

Nilikuwa na nia ya kuyarudisha. Nilisema msimu mmoja tu. Misimu ina tabia ya kufuatana.

Kuna lori la rafiki yangu linashuka huko mwezi ujao. Nitatuma spika moja kwanza. Nyingine nitakuja nayo mwenyewe ikishakuwa tayari. Usiniambie nije tu. Mtu haendi kwa mama yake mikono mitupu, na baada ya picha ile ndiyo kabisa. Nitasema nini nikiingia mlangoni? Wewe unadhani sauti inatosha. Sauti inataka na neno la kusema.

Mwambie nafanya mpango.

Mdogo wako.


17 Novemba

Mdogo wangu,

Wasalimu wifi na watoto. Kazini wameninunulia kiti, sasa napiga pasi nimekaa, kwa hiyo usiseme hakuna maendeleo. Fundi wa bati alikuja, akaziba, sasa linavuja pembeni kidogo ya pale pa zamani. Ukija utapotea.

Spika imefika. Dereva na msaidizi wake waliishusha, wakaiweka pale penye alama zake sakafuni, ikaingia miguu yote minne. Moja kwanza, ulisema. Nimeshaelewa kwamba nyingine imeungua, usijisumbue kutafuta maneno. Wala hii haikuja na karatasi zake za zamani, ndani kuna spika nyepesi kama ya sabufa yangu. Niliona nilipofungua. Maana Mama aliniambia nifungue. Alitaka kitambaa. Amekifumua mwenyewe uzi kwa uzi, amekifua, na amekishonea chini ya nusu yake dirishani. Kimoja kimepauka kwa jua na kingine kwa taa za kumbi zako, havifanani tena. Lakini asubuhi jua halimwamshi.

Spika haikuungwa. Imekaa uchi pale kona, na sabufa iko kando yake, ndiyo inayofanya kazi.

Kuhusu barua yako, sitajibu habari ya nani alibaki na nini. Nimekuonea huruma uliposema alikufundisha kubeba, hilo sikulijua, na ninajuta kwamba sikulijua. Ila ulipouliza utasema nini ukiingia mlangoni, nilikuwa nimekwisha kukuambia. Shikamoo ingetosha.

Ningeandika "ingetosha" tu nikaliacha hapo, lakini lazima ujue. Tangu mwezi uliopita Mama hasikii tena. Si mimi, si mwalimu, si lori. Daktari alimpima akafunga mashine yake polepole. Alasiri bado anaomba kanda, anaweka kiganja juu ya boksi, na anajua wimbo gani unaanza na gani umekwisha. Wakati mwingine anasema, "Kachelewa." Huko kwenye kiganja ndiko Baba alikobaki. Wewe huko huwezi kuingia, hata uwe na sauti nzito namna gani. Kwa hiyo lile nililokuomba limekwisha, na sitakuomba tena. Mlango hauna kufuli ukitaka kuja kumwona tu.

Jana mwalimu alikuja kama kawaida. Siku hizi wanazungumza kwa mikono, na Mama anamjibu kwa mdomo. Mwalimu akaonyesha ile picha yako juu ya sabufa, akageuza viganja juu, kama mtu anayeuliza, vipi huko? Mama akaitazama kwa muda mrefu. Akamwambia kwa sauti ya kawaida, kama anavyowaambia wageni siku zote, na mwalimu akacheka kwa mazoea.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la chai. Kwenye picha hiyo upo wewe na zipo spika, kwa hiyo mtu angeweza kudhani kwamba anajibu habari za spika. Nilitamani kudhani hivyo. Lakini hakusema iko, wala hakusema ziko.

Alisema, "Yuko kwa fundi."

Dada yako.